Kipimo Kabla ya Moto

Msomaji kijana, watu wengi hudhani kuwa kazi ya fundi humalizika pale kitu kinapotoka mikononi mwake. Mimi naona sivyo, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa hapa Kakamega, katika isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Kila moja ina sauti yake, na utamu hutokana na tofauti hiyo. Lakini mti haulingani na mti, wala ngozi na ngozi. Ngoma ya ngozi ikilegea kwa unyevu huoteshwa moto. Ngozi hukauka, hukazana, na sauti hupanda.

Taabu iliyo jamaa na hiyo huwapata mafundi wa kompyuta za kwanta. Kiini cha kompyuta hiyo ni kyubiti. Aina moja ya kyubiti ni njia ndogo ya umeme, iliyofanywa kwa metali ambayo ikipozwa mno hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ndani yake mna kiungo cha Josephson, kilichopata jina kwa Brian Josephson wa Uingereza, aliyetabiri tabia yake mwaka 1962. Kiungo hicho ni matabaka mawili ya alumini, na kati yake utando wa oksidi wenye unene wa nanomita 1 au 2 hivi.

Utando huo huamua kyubiti itetemeke mara ngapi. Aghalabu ni kama mara 5,000,000,000 kwa sekunde. Unene ukizidi kidogo tu, mtetemo hubadilika, na tofauti ya asilimia 1 ni mitetemo 50,000,000. Kyubiti jirani zikikaribiana mno kwa mtetemo, amri iliyopelekewa moja huigusa na ya pili, na hesabu huharibika.

Wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, mbona zisitengenezwe upya?" Zikitengenezwa upya, zitatofautiana upya. Mwaka 2022 wataalamu wa IBM, Marekani, walieleza dawa nyingine, waliyoitumia katika kompyuta ya kyubiti 65. Kwanza hupima ukinzani wa kila kiungo kabla ya kukipoza, na kwa kipimo hicho hukadiria mtetemo wake. Kisha hukipasha joto kwa mwali wa leza, kimoja kimoja. Ukinzani hupanda, na mtetemo hushuka hadi mahali panapotakiwa.

Hapa ndipo kyubiti na ngoma zinapoachana. Ngoma iliyokazwa kupita kiasi hulegea yenyewe kwa umande wa usiku. Kyubiti iliyoshushwa mno haipandishwi tena kwa njia hiyo. Kwa hiyo fundi hupasha kidogo, hupima, ndipo hupasha tena.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumpima mwanafunzi kabla ya kumsahihisha. Kyubiti hizi zimeniongezea fundisho la pili: marekebisho hayakusudiwi kuvifanya vitu vyote vifanane, bali kila kimoja kikae mahali pake pasipo kumwingilia jirani. Basi, kijana, ukabidhiwapo kitu cha kurekebisha, kiwe ngoma, mashine au tabia yako mwenyewe, tanguliza kipimo. Moto uje baadaye.