Nguvu Mpya Katika Gari Kuukuu

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za shule, za kilimo na za malezi ya watoto. Leo twataka kuwapa habari za chuma na matope. Msizidharau, maana ndani yake mna fundisho kwa kila mtu mwenye kitu kikuukuu atakaye kukitia nguvu mpya, nasi twadhani watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wasio hivyo.

Kisesa yetu imekaa kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Magu na Musoma. Barabara hiyo ina lami, na mgeni apitaye juu yake hawezi kujua taabu yetu. Lakini na aiache lami wakati wa masika, ashuke bondeni mwendo wa saa moja kwa miguu, ndipo atakapojua. Wazee wa Kisukuma waliujua udongo wao vyema, wakaupa kila namna jina lake. Huko juu karibu na majabali ni luseni, ndio mchanga usioshika maji. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni njia inapitika. Huko chini ni mbuga, ndio udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na wakati wa mvua hushika mguu wa mtu hata kumvua kiatu. Na mpunga wapandwa huko huko chini, kwa kuwa wapenda maji. Basi mzigo mzito uko mahali palepale penye njia mbaya.

Sisi walimu wanne, pamoja na majirani kadha wa kadha, tulichanga fedha tukanunua pikapu, Toyota Hilux kuukuu ya petroli, yenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Kazi yake ilikuwa kuchukua mpunga, saruji na mabati. Lakini kijijini gari halichagui kazi. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaobishwa ni wa mwenye gari. Masika moja tuliitwa kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, nyumbani kwao ng'ambo ya mbuga. Tulikwenda salama, lakini katika kurudi gurudumu moja la nyuma likaanza kuzunguka bure, na gari likakaa. Tulikata matawi, tukasukuma, tukachimba kwa mikono, wapi! Vijana wakamweka yule mama juu ya kitanda wakambeba kwa miguu, na kabla hawajaifikia lami mtoto akazaliwa kando ya njia, chini ya turubai, mvua ikinyesha. Mungu ni mwema, mama na mtoto walipona. Lakini tangu siku ile hapakuwa na mtu katika shirika letu aliyeweza kusema kwamba neno hili si kitu.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini gari la namna ile hukwama. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikashuka kwa propela mpaka katika difu iliyo kati ya magurudumu ya nyuma. Kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke upesi kuliko mwenziwe gari likatapo kona. Barabarani ni jambo jema. Matopeni ni msiba. Gurudumu moja likiteleza, difu hulipa mzunguko wote, na lile lililosimama mahali pagumu hukaa kimya. Tena pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Uzito wake uko mbele, juu ya magurudumu yasiyosaidia neno. Gari lenye kuvutwa na magurudumu manne lina sanduku la kuigawa nguvu, nalo mafundi huliita transfa. Nusu ya nguvu huenda nyuma, nusu mbele, hata uzito wa injini wenyewe ukawa msaada.

Basi tukakaa barazani. Wengine walisema, tuuze pikapu hii tununue nyingine iliyotoka kiwandani na magurudumu manne. Wengine walisema, tukae kama tulivyo, na masika tusishuke mbugani. Vijana wakasema, fundi wa mjini aweza kuigeuza hii hii, akaitia na injini mpya ya dizeli. Mzee mmoja akatukumbusha mithali ya wahenga, usiache mbachao kwa msala upitao. Nasi tulipouliza bei tuliona kwamba gari la magurudumu manne lililo zima lapita uwezo wetu mbali sana. Wala kugeuza si ndoto. Toyota walianza kutengeneza Hilux mwaka 1968, na kwa miaka yote ya kwanza ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ile ya magurudumu manne ilitoka mwaka 1979. Tangu hapo ndugu hao wawili wametengenezwa pamoja, na viungo vingi vya mmoja vyamfaa mwenziwe.

Lakini nchi yetu imekwisha kuona mashine zilizogeuzwa, na habari yake si ya furaha. Baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, mwaka 1947, huko Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuwa haba, basi vifaru vya vita vilivyoitwa Sherman vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Fikira yenyewe ilikuwa nzuri, kama ule unabii wa Isaya wa panga kufuliwa kuwa majembe. Lakini waliotengeneza mpango hawakuipima nchi kwanza. Mvua ya Kongwa ni haba, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mashine zikavunjika, karanga hazikupatikana kama walivyotazamia, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Tulipoyazungumza hayo barazani tukakubaliana neno moja: hatutanunua hata skrubu moja kabla ya kuandika kila kitu kitakachohitajiwa na bei yake. Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tukaketi.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa maneno machache. Alituambia tusinunue viungo kimoja kimoja, kimoja huku na kingine kule, bali tutafute Hilux moja ya magurudumu manne iliyopata ajali, tuinunue nzima, ili viungo vyote viwe vya ukoo mmoja. Tukaipata, ilikuwa imepinduka, na chesisi yake, yaani mifupa ya gari, imepinda upande wa nyuma isiweze kufaa tena. Katika hiyo akatoa eksele ya mbele pamoja na difu yake na springi zake, eksele ya nyuma, giaboksi pamoja na transfa, propela zote mbili, sanduku la usukani, na injini ya dizeli iitwayo 3L. Tulimwuliza kwa nini anatoa eksele ya nyuma, na hali yetu ni nzima. Akatujibu ya kuwa difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na hesabu moja ya meno. Zikiachana, magurudumu ya mbele yatataka mwendo wake na ya nyuma mwendo wake, na chuma kitavunjika katikati. Nyumba yenye mabwana wawili, akasema, tena akaendelea kufungua nati.

Kazi ngumu ilikuwa ni ya chesisi. Sehemu za mbele za kushikia magurudumu ya zamani zilikatwa, na mashikio ya springi mpya yakawekwa mahali pake. Fundi alipima kwa uzi na timazi, leo na kesho tena, kabla ya kuwasha moto wa kuchomea. Wala hakuchomea kitu juu ya kutu. Alikwangua mpaka chuma safi kikaonekana, na palipoliwa na kutu akaweka bamba jipya. Tulipoona siku zinapita kijana mmoja wetu alinung'unika, naye fundi akampa uzi ashike upande wa pili. Hakunung'unika tena.

Habari za injini nazo zina fundisho lake. Mfanya biashara mmoja alitaka kutuuzia injini kubwa yenye turbo, akasema gari litaruka kama swala. Vijana walifurahi sana. Fundi akakataa. Alisema injini ile itayashinda giaboksi, chesisi na breki za gari hili. Hiyo 3L haina turbo. Ina ukubwa wa sentimita za ujazo 2779, haina mbio nyingi, lakini huvuta mzigo polepole bila kuchoka, na vipuri vyake hupatikana. Tangi la petroli likaoshwa, likatiwa bomba la pili la kurudishia mafuta, kwa maana dizeli inayobaki katika pampu hurudi tangini. Rejeta ikawekwa kubwa zaidi. Kisha akatuonyesha kitu kidogo kilichofungwa nyuma ya altaneta, ukubwa wake kama kikombe. Breki za gari la petroli, akasema, husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika injini yenyewe. Dizeli haina mvuto huo, basi hupewa pampu hii. Fundi asiyejua huhamisha injini akaisahau pampu. Gari huwaka vizuri, huenda vizuri, na kila mtu husifu, mpaka siku ya kusimama. Siku hiyo dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote, na gari halisimami upesi.

Neno hilo lilituingia. Mtu anunuapo nguvu huuliza, Itakwenda? Ni wachache waulizao, Itasimama? Kwa hiyo tuliandika katika kitabu cha shirika ya kwamba gari halitachukua mtu wala gunia kabla breki hazijajaribiwa, likiwa tupu kwanza, kisha likiwa na mzigo, mahali pa mteremko.

Kazi ilipokwisha tulikwenda pia kwa wenye sheria. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi haikubadilishwa, gari limekuwa kama mtu mwenye cheti cha ubatizo cha mwingine. Tukapeleka habari kwa Mamlaka ya Mapato, na askari wa usalama barabarani wakalikagua gari. Msidhani kwamba hayo ni ya kupoteza siku. Mkristo hapaswi kuendesha uongo, hata ukiwa na magurudumu manne.

Sasa masika mawili yamepita. Pikapu imeshuka mbugani mara nyingi ikapanda, na mpunga, na wagonjwa. Lakini hatujisifu. Tumejifunza ya kuwa magurudumu manne hayafai kufungwa pamoja juu ya lami kavu, kwa sababu katika kona ya mbele huzunguka zaidi kuliko ya nyuma, na vyuma hujisokota hata vikaharibika. Tumejifunza kutia nguvu ya mbele kabla ya kuingia matopeni, wala si baada ya kukwama. Na mbuga ikilewa maji kabisa, gurudumu la mbele huteleza na la nyuma huteleza, na gari la magurudumu manne hukaa vilevile, tena ndani zaidi. Siku za namna hiyo twapeleka machela mpaka mahali pagumu, na gari lasubiri hapo.

Bwana Yesu alisema habari za kiraka kipya katika vazi kuukuu, kwamba hulirarua vazi. Zamani tulidhani maana yake ni kulitupa lililo kuukuu. Sasa twaona na maana nyingine pia: nguvu mpya yatafuta mahali palipo dhaifu, na hapo ndipo itakapopasulia. Shule kongwe ikipewa mtaala mpya, na walimu hawakuandaliwa, itapasuka. Kijana akipewa mali ya urithi kabla ya kujua kujizuia, atapasuka. Chama cha ushirika kikipata fedha nyingi, na kitabu cha hesabu hakijulikani kilipo, kitapasuka. Palepale Bujora, karibu nasi, zimehifadhiwa ngoma za watemi wa Usukuma, nazo hazitakiwi kufanya kazi nyingine ila kukumbusha. Lakini kitu kikuukuu kitakiwacho kufanya kazi lazima kikaguliwe mifupa yake kwanza.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na pikapu, au nyumba, au chama, au moyo wako mwenyewe, nawe wataka kukitia nguvu, keti kwanza uhesabu. Kwangua kutu mpaka uone chuma. Tengeneza breki kabla ya injini. Kisha uwashe, uende kwa amani, na ukimwona mtu amekwama njiani, simama umvute.