Be Yenye Nukta Moja

Katika nyumba moja ya Al Khuwair, Maskati, juu ya kabati la vyombo vya wageni, imewekwa kompyuta ambayo haijawashwa kwa miaka mingi. Mgeni aionaye hudhani ni kibodi iliyoachana na kioo chake, kwa kuwa mtambo wote umo ndani ya kibodi hiyo. Mwenye nyumba, mtu wa makamo aliyezaliwa Unguja na kuletwa Oman utotoni, huifuta vumbi kila mwezi wa Shaabani, nyumba inapotengenezwa kwa ajili ya Ramadhani, kisha huirudisha palepale. Wanawe wameacha kumwuliza kwa nini haitupi.

Kompyuta hiyo ni Sakhr, jina ambalo kwa Kiarabu ni mwamba. Aliyeileta duniani ni Mohammed Al-Sharekh, mwanauchumi wa Kuwait aliyekuwa pia mwandishi wa hadithi, ambaye mwaka 1982 aliasisi kampuni ya Al Alamiah. Mwaka uliofuata, huko Japani, Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII alishirikiana na Microsoft kutangaza mfumo uitwao MSX. Wazo lao lilikuwa jepesi: kila kiwanda kiunde kompyuta yake kipendavyo, mradi vyote vifuate vipimo vilevile. Programu iliyonunuliwa kwa ajili ya Sony ingefanya kazi katika Yamaha au Panasonic, kama vile kaseti ya taarab iliyonunuliwa Darajani isivyouliza redio imetoka kiwanda gani.

Marekani na Uingereza hazikuijali sana MSX. Zilikuwa na mashine zao. Wajapani waliipenda, na pia Waholanzi, Wahispania na Wabrazili. Watu wa Ghuba nao waliipata kwa njia ya Al Alamiah, iliyozichukua kompyuta za Yamaha na kuzifunza Kiarabu. Mafunzo hayo hayakuwa mepesi. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kutazama majirani zake: ain ya mwanzo wa neno si ain ya kati, wala si ya mwisho. Maneno hutoka kulia kwenda kushoto, lakini tarakimu zilizomo ndani yake hutoka kushoto kwenda kulia. Mashine ilitakiwa kuyajua yote haya kwa kumbukumbu ya kilobaiti chache, ambazo leo hazitoshi picha moja ya simu. Iliyajua. Hata amri za lugha ya BASIC ziliweza kuandikwa kwa Kiarabu.

Mtoto aliyetoka Unguja hakuyajua. Sultani Qaboos alishika madaraka mwaka 1970, akawafungulia mlango Waomani waliotawanyika ughaibuni, na familia nyingi zilizoishi Zanzibar vizazi kwa vizazi zikarejea kwa mafungu katika miaka iliyofuata. Familia yake ilifika ikiwa na pasipoti ya Oman na Kiswahili. Darasani alisimamishwa asome kwa sauti, akafika penye neno la moyo, ambalo huanza kwa qaf. Ulimi wake uliozoea kusema kalbi ulitoa kaf. Moyo ukageuka mbwa. Darasa zima lilicheka, na kwa muda mrefu baada ya siku hiyo hakunyoosha mkono tena.

Katikati ya miaka ya themanini baba yake alirudi kutoka Ruwi na kasha kubwa mkononi. Kompyuta iliunganishwa na televisheni ya sebuleni, na kijana akapewa muda baina ya magharibi na isha. Jambo la kwanza alilolitambua ni kwamba qaf na kaf zina vitufe viwili tofauti. Kidole kilitenganisha kile ambacho ulimi ulikichanganya. Alipokosea amri, mashine ilimwambia kuwa amekosea, kisha ikangoja. Haikusikia lafudhi, haikumwuliza amezaliwa wapi, haikucheka. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akiandika programu fupi kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko alichoweza kukisema.

Usiku mmoja mama yake, aliyejifunza kuandika katika chuo cha Kurani, alitaka kumpelekea barua dada yake aliyebaki Ng'ambo. Maisha yake yote aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alipoambiwa kwamba mashine inazo herufi hizo, aliketi karibu na televisheni, akaanza kusema, na mwanawe akaandika. Neno la kwanza lilikuwa mpenzi.

"Mama, hakuna pe."

"Tia be, mwanangu. Dada atajua."

Hapakuwa na che, wala ga, wala ve. Waandishi wa zamani wa pwani walipambana na upungufu huohuo: be moja ilibeba mizigo mitatu, na msomaji alitakiwa kukijua Kiswahili kabla ya kukisoma.

Mwaka 1990 Iraki iliivamia Kuwait. Kufikia wakati huo kompyuta za aina ya PC zilikuwa zikiisukuma MSX pembeni kila mahali, na kampuni ya Al-Sharekh ikaendelea na programu badala ya mashine. Mwenyewe alifariki mwaka 2024. Kiswahili cha herufi za Kirumi kiliingia kila kompyuta bila kubisha hodi, maana hakihitaji herufi yoyote ambayo Kiingereza hakina. Pengine wepesi huo ndio uliokichelewesha: hapakuwa na shida ya kumlazimu mtu aifunze mashine Kiswahili, na ilikuwa mwaka 2004 ndipo Jambo OpenOffice ilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nyumba ile haikuwa na mashine ya kuchapia. Barua ilipokwisha, mama alichukua karatasi na kalamu, akainakili kutoka kwenye kioo cha televisheni, mstari kwa mstari. Kila alipofika penye be iliyostahili kuwa pe, alisimama kidogo, akaiongezea nukta mbili.