Kusaidia Si Kuponya

Mtu akitaja altrasaundi, wengi wetu humkumbuka mama mjamzito na kioo kinachomwonyesha mtoto tumboni. Ipo nyingine isiyopiga picha: hupitishwa juu ya bega, goti au kiuno kutibu misuli na viungo. Ndiyo niliyoandikiwa kwa bega langu la kulia, lililochoshwa na miaka ya kuinuka ubaoni.

Mtaalamu wa fiziotherapia, kijana aliyeniamkia kwa adabu, alinipaka jeli ya baridi, kwani mawimbi hayo yakikutana na hewa hurudi yalikotoka. Sikio la binadamu hukomea mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine ile hutoa 1,000,000. Tiba ya sauti isiyosikika! Mie mtu wa vina na mizani nilivutiwa mno.

“Mwanangu, yaponya?”

“Inasaidia, Mwalimu.”

Kitenzi hicho kilinikaa kichwani hadi nyumbani. Kusaidia, kutuliza, kuponya: nilikuwa nikiwakata maksi wanachuo waliovifanya visawe. Nikaanza kusoma.

Mwaka 2001 watafiti Robertson na Baker walichambua majaribio 35 yaliyolinganisha mashine inayofanya kazi na ile ya kuzuga, isiyotoa wimbi lolote. Waliyoyaona yamefanywa kwa njia ya kuridhisha ni 10 tu, na kati ya hayo 8 hayakuonyesha tofauti. Mgonjwa aliyezugwa naye alipata nafuu; aliguswa, alisikilizwa, na siku zilipita. (Siidharau nafuu hiyo, ila nisingependa kuilipia kwa jina jingine.) Moja kati ya mawili yaliyobaki lilihusu bega ambalo kano zake zina chokaa: hapo mawimbi yalipunguza maumivu, ingawa baada ya miezi tisa tofauti ya maumivu ilikuwa imefifia.

Bega langu halina chokaa. Eksirei ilikwisha kusema.

Katika vikao kumi nilivyoandikiwa nimehudhuria viwili. Fedha ya vinane imebaki katika pensheni. Kijana hakununa. Alinifundisha kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, asubuhi na jioni, na wiki hii ya sita naifikia rafu ya kamusi.

Limebaki jina. Mimi napendekeza “ukandaji wa mawimbi”, kwa kuwa kukanda hakumwahidi mtu kupona. Mwenye neno bora na alilete.