Kupanda Meza Katika Poka: Pesa Peke Yake Hazitoshi

Haya wasomaji, leo tuache kidogo habari za programu tuzungumze karata. Ninacheza poka ya Texas Hold'em mtandaoni, kwenye meza ambayo kuingia ni dola 10. Meza inayofuata ni ya dola 25. Je, wakati wa kupanda umefika?

Kanuni inayotajwa sana ni kuwa na mtaji wa kuingia mezani mara 20, yaani dola 500. Mimi ninazo 530. Basi nipande? Ngoja kwanza tupige hesabu.

Kuingia mezani kwa kawaida ni madau 100, nikimaanisha lile dau kubwa la lazima. Tuseme mchezaji mzuri anapata faida ya madau 5 kwa kila migao 100 ya karata. Lakini karata zina bahati zake: katika migao hiyo 100, matokeo hutawanyika kwa kiasi cha madau 90. Ukicheza migao 10,000 unatarajia faida ya madau 500, na mtawanyiko ni 900! Maana yake unaweza kucheza vizuri na bado ukala hasara, na mchezaji mbovu naye akajiona bingwa.

Niliandika programu fupi ya Python kukadiria hatari ya kufilisika. Kwa faida ya madau 5 na mtaji wa mara 20, hatari ni kama asilimia 8. Sasa angalia: meza ya juu ina wachezaji wakali zaidi. Faida ikishuka hadi madau 2.5, mtaji ule ule wa mara 20 unakupa hatari ya asilimia 29. Ili urudi kwenye 8, unahitaji mara 40. Ujuzi ukipungua nusu, mtaji lazima uwe maradufu.

Mwaka 2006 Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alianza bila senti akilenga dola 10,000, na akazifikisha. Sheria yake: usiweke mezani zaidi ya asilimia 5 ya mtaji. Uzuri wa sheria hiyo ni kwamba mtaji ukipungua, inakushusha meza bila kubishana na moyo wako.

Kwa hiyo nitapanda nikifikisha dola 1,000. Kwa faida ya nusu dola kila migao 100, hiyo ni migao 94,000 hivi. Najua ni mingi mno. Ningeweza kujaza pengo kwa mshahara, lakini mshahara una kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu ndani yake. Pesa hizo hazikai mezani.

Nami nikipanda, mtaji ukishuka hadi dola 750, nitarudi chini siku hiyo hiyo. Nimeliandika hilo mapema, kabla hasira za kupoteza hazijaanza kunishauri. Wewe je, umeshapanga utashuka lini?