Santa Pod: Mahali Ambapo Tairi Kipara Ni Mali

Hapa kwetu Kenya, dereva akisimamishwa na askari wa barabarani huku gari lake likiwa na tairi kipara, hana la kujitetea. Hata abiria humgeukia wakamwuliza kama anataka kuwaua. Lakini kuna mahali nchini Uingereza ambapo watu hutoa fedha nyingi kununua matairi yaliyo kipara tangu kiwandani. Huyafunga nyuma ya magari yao, wakasimama kando kuyatazama kwa fahari kama mkulima anayemtazama ng'ombe wake wa maziwa.

Mahali hapo ni Santa Pod, karibu na kijiji cha Podington, yapata kilomita 100 kaskazini mwa jiji la London. Wakenya wenye jamaa Bedford, Northampton au Milton Keynes wanaweza kufika huko bila taabu kubwa, kwa kuwa miji hiyo haiko mbali.

Mgeni afikapo huona kwanza mashamba, kisha njia pana iliyonyooka kama rula. Unyoofu huo haukuja kwa bahati. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hapa palikuwa uwanja wa ndege za kivita. Kuanzia mwaka wa 1943 hadi 1945, ndege nzito za Kimarekani aina ya B-17 ziliruka kutoka hapa kwenda kushambulia Ujerumani. Vita vilipokwisha, saruji ilibaki. Mwaka wa 1966, wakati wa Pasaka, ikageuzwa kuwa uwanja wa kwanza wa kudumu barani Ulaya wa mashindano ya magari ya mwendo mfupi. Jina nalo liliunganishwa: Santa limetoka Santa Ana, California, ambako mchezo huu ulianza kuchezwa kibiashara mwaka wa 1950, pia kwenye uwanja wa ndege. Pod limetoka Podington.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Magari mawili husimama sambamba. Taa ya kijani huwaka, nayo huondoka kwa kishindo hadi mwisho wa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona wala mlima. Kuna siku za mabingwa wenye mitambo itoayo moto, na kuna siku ziitwazo Run What Ya Brung, maana yake kimbiza gari ulilokuja nalo. Siku hizo mwalimu, fundi bomba au mwanafunzi hulipa ada, akaonyesha leseni, akapanga foleni na gari lile lile alilokwendea dukani jana.

Ni katika foleni hiyo mgeni hujifunza siri ya mchezo huu. Wengi hudhani anayeshinda ni mwenye injini kubwa. Sivyo. Nguvu za injini hazina maana ikiwa matairi yanateleza. Abiria aliyesimama ndani ya basi anajua kwamba dereva akiondoka kwa pupa, watu wote huyumba kuelekea nyuma. Uzito wa gari nao hufanya hivyo hivyo: hurudi nyuma na kuyakandamiza matairi ya nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hapo ndipo ushindi ulipo.

Tairi la kawaida la barabarani lina raba ngumu ili lidumu kwa maelfu ya kilomita, na lina mifereji ya kutoa maji. Tairi la mashindano lina raba laini inayonata na halina mifereji, ili sehemu yote iguse saruji. Ubavu wake ni laini pia. Gari linapoondoka, ubavu hujikunja kama kitambaa, ukapokea kishindo ambacho kingelifanya tairi liteleze. Kati ya hayo mawili kuna tairi la tatu, la radiali yenye raba laini na mifereji michache, linaloruhusiwa kisheria barabarani. Mwenye gari moja tu la nyumbani mara nyingi huchagua hilo.

Kuchagua ni jambo moja, kufunga ni jingine. Mtu mwangalifu hupima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na springi, na kati ya tairi na ukingo wa bodi. Hupima gari likiwa limesimama, kisha likiwa limekandamizwa chini, maana gari linapoondoka sehemu ya nyuma huweza kushuka na tairi likakwaruza chuma. Hukumbuka pia kwamba tairi refu zaidi hufanya kazi kama gia nzito zaidi: gari huwa zito kuondoka, na kipima mwendo husoma pungufu. Jambo jingine ni kutochanganya ovyo. Tairi ambalo nyuzi zake zimepita kimshazari likifungwa nyuma, huku ya mbele yakiwa radiali, gari huweza kuyumba likishika kasi.

Kisha kuna upepo. Barabarani, gari dogo huhitaji presha ya pauni 30 hivi. Kwenye mashindano, wenye radiali laini wengi huanzia pauni 20 au 18, halafu hupunguza moja moja huku wakiandika matokeo daftarini. Wenye kipara kamili hushuka zaidi. Upepo ukizidi, tairi hugusa chini kwa tumbo la katikati tu. Ukipungua mno, hugusa kwa kingo, na gari huanza kuyumba.

Kabla ya kuondoka, dereva huzungusha matairi ya nyuma papo hapo hadi moshi utoke. Watoto hushangilia, wakidhani ni madaha. Kumbe anaipasha raba moto ili inate, na kuondoa vumbi na vijiwe. Mwenye tairi lenye mifereji hukwepa maji yaliyomwagwa hapo kwa ajili ya wenye kipara, maana mifereji ingeyabeba hadi kwenye mstari wa kuanzia.

Mwisho wa mbio kila dereva hupewa karatasi ya muda. Mjuzi hatazami kasi ya mwisho kwanza. Hutazama muda wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18. Hizo ndizo zinazosema kama tairi lilishika au liliteleza.

Lakini Uingereza ni nchi ya mvua. Matone yakianza, mbio husimamishwa mara moja, hata kama maelfu wamelipa kiingilio. Hakuna anayebisha, kwa kuwa tairi kipara juu ya maji ni kama sabuni juu ya sakafu. Hapo ndipo utaona somo kubwa la Santa Pod. Jioni, kabla ya kutoka langoni, waliokuja na kipara hutoa jeki, wakafungua matairi ya mashindano na kurudisha ya kawaida. Sheria ya nchi hiyo yadai mifereji yenye kina cha milimita 1.6 au zaidi. Wenye radiali laini nao hujaza upepo upya, kisha huendesha pole pole wakiona mawingu.

Vijana wetu nao wanapenda kasi, na si dhambi kuipenda. Dhambi ni kushindana usiku kwenye barabara kuu, pamoja na malori, mikokoteni na mama anayevuka na mtoto mgongoni, kwa matairi yaliyokwisha kwa uchakavu wala si kwa ufundi. Kipara cha Santa Pod kina raba mpya, njia yake imefungwa, na gari la wagonjwa liko kando likisubiri. Kipara cha barabarani kwetu hakina hata kimoja cha hivyo.

Basi mzazi utakayemtembelea jamaa yako Uingereza wakati wa kiangazi, wapeleke watoto Podington siku moja. Wanunulie viziba masikio, kwa maana kelele zake si mchezo. Wakirudi nyumbani, waambie wakague matairi ya gari lenu kabla hujaliwasha.