Barabara ya Kwa Shosho

Mimi nilikuwa na shosho wawili, na kati yao palisimama mlima. Mzaa baba anaishi upande wa Ndunyu Njeru, Nyandarua, ambako jua huchomoza kutoka nyuma ya msitu. Mzaa mama aliishi upande wa Nyeri, kule juu karibu na Ihithe, ambako jua hilo hilo huzama nyuma ya msitu ule ule. Tulipokuwa watoto, tukipelekwa ushago kila Desemba, mimi na dada yangu tuliwahi kubishana kutwa nzima kama ni jua moja au mawili. Baba alicheka hadi akakohoa. "Jua ni moja," akasema, "ila nyinyi mna bahati. Mmeuona mlima uso na mgongo."

Basi ndugu msomaji, kisa changu kinahusu huo mlima, na barabara ambayo wengine wanataka ipasuliwe katikati yake na wengine wameapa haitapita. Mimi nimekuwa pande zote mbili, na kote huko nimeaibika.

Wazungu waliuita Aberdare. Wazee wetu waliuita Nyandarua, yaani ngozi iliyowambwa ikauke, kwa jinsi mgongo wake unavyojikunja ukiutazama kwa mbali. Waswahili nao husema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sijui kama aliyesema methali hiyo aliwahi kufika Kinangop, lakini angefika angekuta ngozi yenyewe imelala pale, na wavutaji wamejaa kila upande.

Barabara inayogombaniwa ni ya kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru, kama kilomita 52 hivi, na sehemu yake kubwa iko ndani ya msitu wa serikali na Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, iliyotengwa mwaka 1950. Si kwamba hakuna kijia kabisa. Kuna njia ya hifadhi inayopanda kutoka lango la Mutubio, lakini hiyo ni ya gari lenye nguvu, ina utelezi wa kuua, na langoni unalipa kiingilio. Shosho hawezi kulipa kiingilio cha watalii ili akamsalimu mkwe wake. Kwa hiyo watu wetu huzunguka. Wanapita Ol Kalou, Nyahururu, ndipo wateremke hadi Nyeri. Mlima uko hapo, unaweza kuunyoshea kidole, lakini kuufikia upande wa pili ni kazi ya siku.

Wazo la kutia lami si la jana. Limezikwa na kufufuka mara kadhaa. Januari 2024, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni yenye masharti, na kabla wino haujakauka watu wakakimbilia mahakamani. Hapo ndipo nilipoingilia mimi, kijana wa Nairobi mwenye kalamu na hasira.

Tulikuwa kikundi cha vijana kumi na watano tukikutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, tunasomeana mashairi na kukosoana bila huruma. Siku hiyo tulikubaliana kila mmoja aandike barua ya kupinga barabara. Yangu ikachaguliwa. Nilisimama nikaisoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda uchaguzi. Nilianza na Wangari Maathai, kwa sababu alizaliwa Ihithe mwaka 1940, pale pale barabara inapotaka kuanzia. Nikasema mwanamke huyu alipigwa Karura Januari 1999 akitetea miti ya mjini, sasa je, miti ya kwao itaangushwa na sisi tukipiga makofi? Nikataja ua wa umeme unaouzunguka mlima, karibu kilomita 400, uliojengwa kuanzia 1989 hadi 2009 kwa michango ya watu wakubwa kwa wadogo. Nikauliza, mtu hujengaje ukuta kwa miaka 20 halafu akatoboa mlango wa malori? Nikataja bongo, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye waliobaki mwituni ni wa kuhesabika. Nikataja maji. Wenzangu walipiga meza. Msee mmoja akaniambia, "Hapo umewamaliza."

Ile barua ilisambaa. Ikafika Ndunyu Njeru kabla yangu.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo shosho wa Nyeri akatutoka. Mnaikumbuka mvua ya 2024, ile iliyobomoa madaraja na kuhamisha mitaa mizima. Ndugu za baba wakakodi mat ya kuwaleta mazishini, wakiongozwa na shosho mwenyewe, mwenye miaka themanini na ushei, amevaa kabuti la marehemu guka. Hao akina mama wawili walikuwa wamependana sana, si kwa ukwe tu. Katika miaka ya Hali ya Hatari wote walikuwa wasichana wadogo, mmoja huku na mwingine kule, na wote waliona wanaume wa kwao wakipanda msitu huo huo wasirudi. Walipozeeka hawakuchoka kulinganisha habari, nani alimwona nani, nani alipeleka chakula wapi. Msitu ulikuwa kama kaburi la ukoo ambalo mmoja alilitazama asubuhi na mwenzake jioni.

Mat ilikwama kwenye matope hata haijafika lami. Walisukuma saa mbili nzima. Mchana ilituhitaji kuamua, kwa kuwa kaburi lilikuwa linajaa maji na pasta alikuwa na maziko mengine. Tukazika. Ndugu zetu walifika watu wakiwa wanaosha masufuria. Shosho alishuka garini, akatembea polepole hadi kwenye ule udongo mbichi, akainama akachota konzi moja, akaishika tu. Hakuitupa, maana hapakuwa tena na pa kuitupa.

Jioni aliniita. Nilidhani anataka chai.

"Ni wewe uliyeandika kwamba barabara isijengwe?"

"Ni mimi, shosho."

"Uliandika vizuri?"

Sikujua nijibu nini. Nikasema watu walisema ni vizuri.

"Haya. Na ulipoandika, ulimuuliza nani wa kwetu?"

Nawaambia ukweli, wasomaji wenzangu, nimewahi kukataliwa na wahariri, nimewahi kurudishiwa hadithi yenye wino mwekundu kama kidonda, lakini swali lile lilinichoma zaidi. Sikuwa nimemuuliza mtu. Niliuliza vitabu. Katiba ya 2010 niliinukuu kwa mbwembwe, ibara ya 42 kuhusu haki ya mazingira safi, na ile ya 69 inayotaka wananchi washirikishwe, nami sikumshirikisha hata nyanya yangu.

Mjomba wangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, ndiye aliyemalizia. Aliniambia habari za waru. Nyandarua ni nchi ya viazi, lakini mkulima akishavuna, dalali ndiye mwenye lori na ndiye mwenye bei. Mvua ikinyesha lori haliji, magunia yanaota kichipukizi ghalani. "Nyinyi huko Nairobi mnakula chipsi," akasema, "na mnatuambia tutunze msitu ili mpate maji. Bwawa la Sasumua si liko kwetu Kinangop? Maji yanateremka kwenu kwa bomba. Sisi tunateremka kwa miguu."

Nilirudi mjini nikiwa nimenywea. Kwa wiki kadhaa nilisadiki kwamba nilikosea kila kitu, na barabara ijengwe hata kesho. Lakini uongo huo nao haukukaa. Mfereji wa pale plotini ukikauka, nami nikinunua mtungi kwa mkokoteni, nakumbuka kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka mlima ule, mengi yakipitia bwawa la Ndakaini. Najua pia lami haitembei peke yake. Ikishapita huja kibanda cha chai, kisha cha makaa, kisha msumeno usiku. Na ndovu hajui alama za barabarani.

Nikasoma kesi ya jirani zetu. Mwaka 2010 Tanzania ilipotaka kupitisha barabara kuu kaskazini mwa Serengeti, wanapopita nyumbu katika hamahama yao, shirika moja la kutetea wanyama lilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Juni 2014 mahakama ikaamua kwamba barabara ya lami pale ingekiuka mkataba wa Jumuiya. Nilifurahi, kisha nikajiuliza lile swali la shosho: na watu wa Loliondo na Mugumu waliotaka njia, nani aliwauliza? Nyumbu alishinda kesi kwa haki, lakini mama mjamzito wa kijijini alibaki na safari yake ile ile.

Kwa hiyo nimeandika barua ya pili. Bado napinga lami ndani ya msitu, sijageuka. Ila safari hii sikuanza na Wangari wala bongo. Nimeanza na mat iliyokwama. Nimesema mahali ilipokwama si msituni, ni kwenye njia ya kijiji, kilomita chache kutoka nyumbani kwa shosho, ambayo haihitaji kukata hata mti mmoja ili itiwe changarawe. Nimesema sisi tunaokunywa maji ya mlima tulipe gharama ya kuuzunguka: njia za vijijini zipitike masika na kiangazi, maghala ya kuhifadhi viazi yajengwe, na gari la wagonjwa liwepo kila upande. Mtu asiambiwe alinde msitu kwa niaba ya mji mzima halafu bili aachiwe yeye.

Sikuisoma kwanza ukumbini. Niliibeba hadi Ndunyu Njeru, nikamsomea shosho jikoni, nikitafsiri kwa Kikuyu changu cha kuungaunga. Alisikiliza akimenya waru. Mahali fulani alinisimamisha.

"Hapo pa changarawe, rudia."

Nikarudia.

"Weka na mtaro," akasema. "Barabara bila mtaro ni mto."

Mtaro nimeuweka. Jibu bado sijapata kutoka kwa yeyote niliyempelekea, na huenda nisipate. Mjomba bado anataka lami ipite moja kwa moja, na tukikutana tunabishana hadi chai inapoa. Nilipotoka jikoni jua lilikuwa limeshapanda juu ya msitu. Upande wa pili lingezama saa chache baadaye, juu ya kaburi ambalo shosho hajapata kurudi kulitupia udongo wake. Ile konzi aliondoka nayo, imefungwa kwenye leso.