Sirene kwenye Barabara ya Sake

Sisi wanafunzi wa Keshero tunasikia sirene kila mara. Sheria Namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 inaagiza wazi: gari yenye haki ya kutangulia ikipiga sirene, kila dereva aiachie njia, na ikilazimu asimame. Lakini jeep za wakubwa nazo zinalia. Zinamlilia nani, na ndani hamna mgonjwa? Juu ya hiyo wamotari na watu wa chukudu wamezoea, wanabaki tu katikati.

Juma lililopita gari ya wagonjwa ilikwama hapa, ikielekea hospitali ya Ndosho, taa ya buluu inazunguka bure. Kwenye kioo tuliona mama amelala. Tuliingia barabarani, tukasimamisha chukudu mbili na lori moja, ndipo ikapita.